Kilichotolewa

“Hicho kinaitwaje?” jirani yake Nyamburi alimuuliza Ursula siku moja, akionyesha meza kwa kidevu.

Ursula alikuwa anamenya mihogo. Alisema hajui. Kilimdondoka mdomoni baada ya matanga ya mumewe, Masatu, pale shemeji yake Mugeta alipouliza shamba la bondeni ni la nani. Ursula alijibu, “Masatu alinipa mimi,” na kitu kikaangukia kwenye sahani ya ugali. Kilikuwa na ukubwa wa kiazi, rangi ya jivu, vuguvugu. Alimshukuru Mungu, akakiosha, akakiweka mezani, chini ya rozari iliyoning’inia ukutani.

Kila aliyekishika alilijua jambo moja tu. Nyamburi alikishika, akamwona Masatu akiwa mzima, anapanda mikonge ya mpaka kule bondeni, kisha anamkabidhi mkewe jembe. “Kuanzia leo ni lako, hata nikifa.” Hata harufu ya mkonge uliokatwa aliisikia.

“Kumbe ni kweli,” alisema, akijifuta mkono kwenye kanga. “Nipe chumvi kidogo, ya kwangu imeisha.”

Jumapili, baada ya ibada, katekista Stanislausi alipita. Zamani alisoma seminari, hakumaliza. Alikipima mkononi.

“Watu wa sensa wanasemaga data. Moja peke yake, kama hii, ni datum. Ni Kilatini. Maana yake, kilichotolewa.”

“Kimetolewa na nani?” Nyamburi aliuliza.

“Neno lenyewe halisemi.”

“Na kukichukua, anaruhusiwa nani?”

“Hilo nalo halisemi.”

“Kilatini chenu kivivu, katekista.”

Ursula akawamiminia uji.

Wazee wa ukoo walikuja kuamua habari ya bonde. Lilikuwa ndilo shamba pekee alilobakiwa nalo Ursula. Huku juu kijijini, Bugwema, mihogo yake ya uani ilikuwa imeshaoza yote. Walikipokezana kile kitu kama kata ya togwa. Kila mmoja aliiona mikonge, akaliona jembe.

“Mama, hakuna anayebisha,” alisema mzee Makongoro. “Masatu alikupa. Tumeona wote.”

“Basi ni langu.”

“Ardhi ya ukoo haiendagi kwa mwanamke. Hilo nalo ni kweli.”

Ursula alimtazama mdomo, akingoja kitu kianguke. Hakikuanguka. Mzee Makongoro alichukua andazi la pili, akasema limeiva vizuri.

Mugeta alikuwa wa mwisho. Alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho kuliko wenzake wote, maana yeye na Masatu walinyonya ziwa moja.

“Sauti yake ile ile,” alisema. “Na alikuwa amenenepa.”

“Alikuwa anakula vizuri,” Ursula alijibu.

Kutoka bondeni zilisikika sauti za wanawe Mugeta wakiswaga ng’ombe wa plau. Mkonge mmoja uliong’olewa ulikuwa umelala njiani, mizizi juu, umeshaanza kunyauka.

“Shemeji,” Ursula alisema, “hawa watoto umewatuma tangu asubuhi?”

Mugeta alikirudisha kile kitu mezani taratibu, palepale kilipoacha alama kwenye kitambaa. Akachukua kofia yake, akainama mlangoni, akatoka, akauruka ule mkonge, akashika njia ya bondeni.