Krimu ya Mikono Yote Miwili

Mtu akiniambia sindano ni jambo dogo, namwuliza lini mara ya mwisho alichomwa akiwa amebanwa kitandani na watu wazima watatu.

Wodi yetu ya watoto ililetewa mwongozo mpya wa kupunguza maumivu, pamoja na semina, soda na bango la rangi. Mtoto apakwe krimu ya ganzi, isubiriwe saa nzima, apakatwe na mzazi badala ya kukandamizwa, na aongee naye mtu mmoja tu. Bango tukalibandika ukutani, na kazi ikaendelea vilevile.

Tulipojaribu, tukaboronga. Kuna msichana mdogo mwenye ugonjwa wa figo, ambaye kila mwezi lazima apimwe damu ndipo ijulikane dozi ya dawa zake. Mwezi uliopita nilimpaka krimu mkono wa kushoto. Daktari wetu, ambaye kwa haraka zake tunamwita Chapchap, akaingia, akaona mshipa mnene mkono wa kulia, akachoma huohuo. Mtoto alipiga yowe, tukamkamata kama kawaida yetu. Wenzangu wakacheka: "Krimu yenu hiyo ni mafuta ya kujipaka tu!" Nilikasirika hata chai haikupita.

Hasira zangu nazo zina faida. Nilimfuata dada wa mapokezi, anayepima watoto uzito.

"Mdogo wangu, mtoto wa kutolewa damu akishuka tu kwenye mizani, mpake mikono yote miwili, ufunike na plasta."

"Na Chapchap akitaka mguu?"

"Mguu nitamkata yeye."

Leo msichana yule amerudi, ameng'ang'ania geti hadi mama yake akambeba mzobemzobe. Wote wawili macho mekundu.

"Sista, nakuheshimu," mama akaniambia, "lakini leo mkimkamata tena kama mwizi, simleti tena. Potelea mbali, tutakaa nyumbani na vidonge vyetu."

Vidonge vile vya kubahatisha vingemmaliza mtoto, na mama hakuwa akitania.

Mtoto alikuwa ameshapakwa, mikono yote miwili. Tukangoja. Chapchap akachungulia.

"Tayari?"

"Bado."

"Sista, nina foleni ndefu!"

"Anza na wengine. Huyu hajaiva."

Akaondoka akinung'unika. Mimi nikavuta kiti, nikakaa mlangoni, mtu asiingie bila kunipita.

Saa ilipotimia nikamwita. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake. Sikumdanganya, nilimwambia sindano ipo na itaingia, ila ngozi yake imelala. Kisha nikamwuliza nyumbani wanafuga nini.

"Kuku," akajibu kwa sauti ndogo. "Anatagia chini ya kitanda cha babu."

"Babu anasemaje?"

"Anamfukuza na kiatu. Halafu kuku anamdonoa."

Chapchap, sikio la kufa, akachagua tena mkono wa kulia. Safari hii krimu ilikuwepo. Damu ikaingia kwenye kichupa, na babu akaendelea kudonolewa: kisigino, kidole, hadi akahamia kulala sebuleni. Chapchap alicheka bila kutikisa mkono. Akachomoa sindano, akabandika pamba.

Mama hakuona lolote. Alikuwa amefumba macho, meno yameumana, mikono imemkaza mtoto kifuani akisubiri kile kilio.

Mtoto akajipindua.

"Mama, niachie. Wameshamaliza."

Mama akafumbua macho. Akaitazama pamba, akakitazama kichupa mkononi mwa daktari. Mikono yake ikalegea, na kilio alichokisubiri kikamtoka yeye mwenyewe, kwa sauti, huku anacheka. Nami nikapata afueni, nikajifuta machozi bila aibu. Hata Chapchap, mwenye foleni yake, aliburuta kigoda akakaa.

Mama alipopumua, akaniuliza, "Mwezi ujao, sista, tuje saa ngapi?"