Cherehani ya Sehemu ya Tatu

Jumamosi saa tisa mchana fundi cherehani aliitoa mashine yake chumbani, yeye akishika meza na wifi yake akishika miguu ya chuma, wakaanza safari ya kwenda ukumbini. Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili tu, lakini cherehani ya kukanyaga ina uzito wake, wakapumzika mara tatu. Kila walipopumzika wifi alikohoa.

"Tunaweza kurudi," wifi akasema. "Homa si imeshuka?"

Fundi akamwekea kiganja shingoni. "Haijashuka. Inua."

Walikuwa wanakwenda kuigiza. Mchezo ulihusu watu wa mtaa huohuo tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa, na aliyeuandika ni mwalimu mstaafu mwenye msimamo mmoja, kwamba jukwaani hakipandi kitu cha bandia. Hata angetaka vya bandia, mbao za kuvitengenezea angezitoa wapi? Basi kila nyumba ikaazima kitu. Kinyozi alitoa redio, muuza mkaa akatoa kitanda. Waigizaji walipewa mfuko mmoja wa unga kila onyesho, na kwa kuwa hiyo ndiyo ajira pekee iliyosalia mtaani, hakuna aliyesema hajui kuigiza.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Familia moja inamuuzia dalali vyombo vyake, kimoja kimoja, kila sehemu na chombo chake. Dalali aliigizwa na aliyekuwa karani wa kiwanda, mtu mpole anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye, na malipo yake yalikuwa vikaratasi vya gazeti.

Jumamosi ya kwanza iliuzwa redio. Karani aliibeba hadi nyuma ya pazia, akaiweka juu ya stuli, na mchezo ulipokwisha stuli ilikuwa tupu. Kinyozi akaja kuidai.

"Uliiona ikiuzwa?" mwalimu akamuuliza.

"Niliiona. Nilikaa safu ya pili."

"Sasa?"

Kinyozi akafikiri, akakiri kwamba kweli malipo yalifanyika mbele ya macho yake, akaenda zake. Jumamosi ya pili kikaenda kitanda. Muuza mkaa alilala sakafuni wiki nzima, akawaambia watu kwamba mgongo sasa umenyooka, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Vitu vyenyewe havikufika mbali. Mama anayefua nguo kwa Tajiri, yaani mwenye kiwanda, alisema redio iko sebuleni kule, na kitanda kimetandikwa chumba cha wageni. Hakuna aliyevipeleka. Watu wa nyumba ile waliamka wakavikuta. Tajiri alipoulizwa alijibu kwamba vimeuzwa hadharani na wenye kuuza walikuwa na akili timamu, jibu ambalo halikuwa na pa kulishika. Ukumbi ulikuwa wake pia. Alikuja kila Jumamosi, akakaa mbele kabisa, na mahali pa kusikitisha alilia machozi ya kweli.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Wiki ya tatu aliongeza kipande kidogo mwishoni, geti la kiwanda likafunguliwa na king'ora kikalia. Kiliigizwa vizuri sana. Watu wakapiga makofi wamesimama, halafu wakatoka ukumbini moja kwa moja hadi getini, wameshika vitambulisho vyao vya kazi. Kufuli lilikuwa palepale. Ikabidi wakubali kwamba mchezo ule unatambua mauzo tu. Inaudhi, lakini ndivyo ulivyokuwa.

Ikabaki sehemu ya tatu. Humo mtoto anaugua, na mama yake anaitoa cherehani kwa dalali ili apewe chupa ya dawa. Mama ni fundi. Mtoto ni wifi, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, kwa sababu watoto wenyewe hawakukubali kulala kimya muda mrefu namna ile. Homa ilimpata siku ya kwanza ya mazoezi na haikumwacha. Zahanati walimwandikia dawa kwenye karatasi, wakamwambia karatasi ipo, dawa hakuna.

Fundi naye hakuwa na kingine. Mume alikwenda kutafuta kazi mbali na habari zake zilikatika. Cherehani ndiyo iliyowalisha yeye na wifi. Kwa hiyo Jumamosi ya nne alijaribu ujanja. Alitengeneza cherehani ya boksi, akaipaka rangi nyeusi, akaipandisha jukwaani. Karani aliigusa kwa kidole.

"Hii ni boksi, dada," akasema, na maneno hayo hayakuwemo kwenye mchezo.

Kinyozi akasimama kule safu ya pili. "Kwani redio yangu ilikuwa boksi?"

Dawa ndani ya chupa ikageuka maji, na fundi aliona aibu hata akashindwa kuinua uso. Wiki ile wifi alikonda mpaka gauni likamteleza begani.

Ndiyo maana sasa walikuwa wamebeba ya kweli.

Mchezo ulianza saa kumi, kwa mwanga wa madirishani, maana umeme wa ukumbi ulikatwa siku nyingi. Ilipofika sehemu ya tatu, wifi alilala kwenye mkeka na fundi akaketi kwenye cherehani. Maandishi ya mwalimu yalisema: mama anashona kidogo. Fundi akavuta kikapu kilichokuwa chini ya meza. Ndani mlikuwa na mashati kumi na moja ya sare za shule, yamekatwa, hayajashonwa. Akaanza la kwanza.

Alishona kola, akaunga mikono, akapinda chini. Akachukua la pili. Karani alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake, akihamisha uzito mguu huu kwenda ule. Mwalimu alipunga mkono nyuma ya pazia, kisha akachoka kupunga, akakaa. Kwenye la nne mama mmoja alipanda jukwaani, akaanza kukata nyuzi zilizobaki, kwa kuwa shati lile lilikuwa la mwanawe. Hakuna aliyeguna wala kutazama saa. Wote walijua alichokuwa anafanya, na wengi walitamani na wao wangepewa muda kama huo.

Alipokuwa akimalizia la saba wifi alikohoa, kikohozi kirefu kisichokuwa cha kuigiza, akajikunja juu ya mkeka. Fundi akasimamisha gurudumu. Alitazama mashati manne yaliyobaki, akamtazama wifi. Akakata uzi kwa meno.

"Chukua," akasema.

"Samahani, dada," karani akanong'ona, akampa chupa.

Wifi alikunywa. Kabla pazia halijafungwa alikuwa ameketi, shingo yake imepoa, anauliza kama kuna chochote cha kula. Fundi alimkumbatia akalia kwa furaha, na ukumbi ukapiga makofi. Tajiri ndiye aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote.

Mashati manne fundi aliyamalizia kwa mkono. Yalimchukua siku tano.

Alhamisi Tajiri alituma mtu kutafuta fundi wa kushona mapazia, kazi ya siku tatu, chakula juu yake. Fundi akauliza aanze lini. Kesho yake asubuhi alifika, akavua viatu mlangoni, akapelekwa chumba cha nyuma. Cherehani ilikuwa dirishani. Mke wa Tajiri alimwonyesha kitambaa, akamweleza urefu anaoutaka, kisha akamtazama mikono.

"Umewahi kutumia cherehani ya namna hii?"

"Nimewahi, mama."

"Haya, kaa. Ila taratibu, usije ukatuharibia."

Fundi akakaa, akatunga uzi, akashona taratibu.