Nyumba Iliyosimama Foleni

Asubuhi ya Jumanne, siku ya nne baada ya dhoruba, fundi cherehani alikuwa mtu wa kumi na saba kwenye foleni ya ofisi ya misaada, na nyumba yake ilikuwa juu yake. Mkono wa kushoto alishika kitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni. Mkono wa kulia alikuwa amejifunga kamba ya kuanikia nguo, ile ya plastiki ya kijani, na kamba ilipanda, ikanyooka hewani, ikaishia kwenye nguzo ya kibaraza. Foleni ikisogea hatua moja, nyumba nayo inasogea hatua moja. Watu wa nyuma hawakulalamika, maana ilikuwa inawapa kivuli.

"Vuta kushoto kidogo, fundi," alisema mwalimu mstaafu. "Jua limenipata sikio."

Fundi akavuta. Nyumba ikaenda kushoto.

Sasa, mtu atauliza ilipandaje. Ilipanda kama zilivyopanda nyingine, tofauti ni kwamba zile nyingine zilishuka, tena zilishuka vipande vipande. Mabati ya muuza nyama yaliokotwa uwanja wa mpira yamejikunja kama barua. Mlango wa mwalimu haujaonekana hadi leo, na ulikuwa mlango mzuri jamani, mbao ngumu, kitasa cha shaba, unaufunga kwa kidole kimoja. Lakini ya fundi iling'oka nzima nzima na sakafu yake, na cherehani, na kuku wawili, na mama mkwe wake aliyekuwa amekaa kitandani akitafuta miwani. Ikapanda juu kama kimo cha nyumba tatu, ikatulia. Wanaojua ujenzi walisema ni kwa sababu haikuwa na msingi wa maana. Wengine walisema ni mapazia, fundi alizidisha mapazia. Mama mkwe mwenyewe alisema hajui, ila miwani aliipata, ilikuwa kichwani.

Mume wa fundi ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa amekwama ng'ambo ya mto, daraja limesombwa. Kwa hiyo kamba aliishika fundi. Angeifunga wapi? Miti yote ililala, nguzo za umeme zililala, mtaa mzima kitu kilichobaki kimesimama ni mlingoti wa bendera wa ofisi ya misaada, na huo umeandikwa MALI YA OFISI USIGUSE. Na kwa mkono mmoja huwezi kutunga uzi, achilia mbali kushona. Tena kamba yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka. Pale inapopinda kwenye kiganja nyuzi tatu zilikuwa zimeshakatika, zimebaki nne, na upepo wa jioni ulikuwa haujaacha mchezo. Fundi alichotaka ni saruji, waya na mikono ya mafundi, nyumba ishuke ifungwe chini kabla zile nyuzi nne hazijaisha na mama mkwe hajaenda zake.

Mama mkwe hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa dirishani na kikombe chake, anasalimia foleni yote mmoja mmoja.

"We muuza nyama, mbona umeanza upara na hukuniambia?"

"Nisamehe mama, nilikuwa nauficha na kofia. Kofia imekwenda na upepo."

"Imo humu kwangu! Imeingilia dirisha la jikoni!" Akaitupa. Foleni ikacheka mpaka askari wa mlangoni akatoka kuangalia nani amepewa kitu.

Kuku mmoja alitaga wakati huohuo, yai likabingirika kibarazani, likadondoka. Mwalimu alilidaka bila kukatiza mazungumzo yake, akalitia mfukoni.

Kwenye dirisha la ofisi alikaa karani, kijana mpole tu, mwenye tai iliyokunjamana kama mtu aliyelalia meza. Watu walimwita Njookesho, na yeye alikuwa anaitika. Fundi alipomfikia alieleza shida yake tangu mwanzo.

Njookesho akachungulia juu, akaiona nyumba, akarudi kwenye karatasi. "Dada, utaratibu ni hivi. Mkaguzi anapita kwenye kiwanja chako, anaweka chaki ukutani. Chaki nyekundu, unapata vyote: mahema, unga, pesa ya kuanzia, na saruji. Chaki nyeupe, nyumba ni nzima, hupati. Lakini lazima nyumba iwe kwenye kiwanja. Asipoikuta anaandika umehama."

"Na unga wa leo? Hawa watu wote hawajala."

"Unga haujafika. Mahema hayajafika. Mabati hayajafika."

"Yamefika!" mama mkwe akasema kutoka juu. "Yapo nyuma ya ofisi yenu hapo, nayaona. Magunia yamepangwa mpaka kwenye ukuta, mahema yamefungwa kwa kamba, tena kamba nzuri. Kuna paka amelala juu ya mabati."

Foleni yote ikageuka kumtazama Njookesho. Hakukasirika, wala hakuona aibu. "Ni kweli yapo, mama," akamjibu kwa heshima. "Lakini hayajafika. Mtu wa kusaini kwamba yamefika bado hajafika, yuko ng'ambo ya daraja."

"Aa," mama mkwe akasema. "Basi na huyo paka naye hajafika."

"Paka ni wetu."

Mkaguzi angepita Alhamisi saa nne. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja, kuishusha nyumba. Jumatano walijaribu kuivuta kwa kamba wakaacha, maana uzi mmoja ulikatika mbele ya macho yao, zikabaki tatu. Muuza nyama ndiye aliyepata akili. Mtu huyu ana tumbo la heshima, anatembea nalo kama amembeba mgeni. Alipanda ngazi ndefu waliyoiunga kwa miti iliyolala ili ampelekee mama mkwe maini, na alipoingia tu ndani, nyumba ikashuka kiasi cha mkono mzima.

"Uzito!" akapiga kelele kutoka dirishani. "Jamani, inataka uzito tu! Njooni!"

Basi Alhamisi asubuhi mtaa mzima ulipanda ngazi. Si wako nje wote, hawana pa kukaa? Akaingia mwalimu na mke wake, nyumba ikashuka kidogo. Wakaingia wale mapacha wa saluni, ikashuka. Akaingia fundi baiskeli na baiskeli tatu. Akaingia mkunga, na mwenye nguo za mitumba na marobota yake yaliyolowa, hayo yalisaidia sana. Kila anayeingia wa ndani wanashangilia "Mwingine!", na nyumba inashuka kwa kubembea kama lifti yenye furaha. Watoto walianza kuruka sakafuni ili kuiharakisha, kisha wakubwa nao wakaanza, kisha mwalimu, miaka sabini na mbili, akaruka na yai lake mfukoni, na hapo ndipo yai lilipoishia. Walicheka mpaka mkunga akasema atakayezaa kwa kicheko leo asimtafute, amechoka.

Walipofika arobaini na mmoja, nyumba ikakaa kiwanjani kwake, taratibu, kama mtu mzima anapokaa kwenye kiti. Ilikosea kidogo tu, mlango wa jikoni ukatazama barabarani. Fundi akaifungua kamba mkononi kwa mara ya kwanza tangu dhoruba. Kiganja kilikuwa na mstari wa kijani.

Saa nne kamili mkaguzi akafika kwa pikipiki, chaki nyekundu mfuko wa kulia, nyeupe mfuko wa kushoto. Alikuwa mtu makini, aligonga kila ukuta kwa kiganja na kusikiliza.

"Hii nyumba haina hata ufa," akasema.

"Ndugu mkaguzi, tatizo lake si ufa," fundi akamwambia. "Tatizo lake inapaa."

Mkaguzi akapitia fomu, akaigeuza nyuma. "Hapa kuna imeanguka, imesombwa, imeezuliwa, na nzima. Kupaa hakuna." Akatazama watu waliojaa mpaka chini ya meza. "Na hawa?"

Hapa ndipo walipoharibu, na waliharibu kwa wema. Mgeni ameingia nyumbani, wangemwambia nini? Mama mkwe alishamletea chai.

"Hawa ni watu wa hapahapa nyumbani," mama mkwe akasema. "Kaa baba, usione haya."

"Tumo humu kama ndugu!" akaongeza muuza nyama, kifua mbele. "Hatuna shida, tunakunywa uji wa pamoja, tunacheka, mwalimu ndiyo kwanza ameruka!"

Fundi alitaka kumkanyaga muuza nyama mguu, akakanyaga wa mkunga.

Mkaguzi akaandika. Alikuwa na orodha ya majina arobaini na moja ya waliokosa makazi mtaa ule, na akayafuta yote kwa mstari mmoja, kwa rula. Pembeni akaandika: wamepata makazi. Kisha akatoa chaki nyeupe, akanyoosha mkono nje ya dirisha, akachora alama kubwa ukutani, upande wa barabara.

Watu wakatoka mbio kuiona ni rangi gani. Walitoka wote. Nyumba ikapanda, fundi akawahi kuidaka kamba.

Ilipanda na mkaguzi akiwa anamalizia chai. Aliweka kikombe, akaenda dirishani, akatazama chini mtaa mzima uliokuwa unamtazama yeye. Akachukua fomu tena, akasahihisha kipengele kimoja. Badala ya nyumba ya chini akaandika ghorofa. Kisha akaomba ngazi.

"Una ghorofa, fundi," mwalimu akamwambia walipoisoma nakala. "Umetajirika na sisi tunakuona hapahapa."

Fundi akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, alama nyeupe inaning'inia juu yake, kamba imerudi mkononi na nyuzi tatu. Kisha akafuta macho na kusema, "Hayo marobota ya mitumba yaleteni."

Ngazi ikashikwa, nusu ya mtaa ikapanda, nusu ikashika kamba kwa zamu, na fundi akakaa kwenye cherehani kwa mikono miwili. Alishona mikono ya mashati kwa miguu ya suruali, mishono mitatu mitatu, mpaka ukatoka mkanda mrefu wa rangi zote ambao hata lori lisingeukata. Ncha moja waliifunga kwenye nguzo ya kibaraza, wakaivuta nyumba wote pamoja hadi ofisini, wakaifunga ncha ya pili kwenye mlingoti. Njookesho alitoka, akasoma kibao cha USIGUSE, akawasoma na wao.

"Mlingoti hamjaugusa," akasema. "Umeguswa na nguo."

Nyumba iko hapo hadi leo. Wanaishi arobaini na mmoja, bila marobota wala baiskeli, kwa hiyo haifiki chini, kwa zamu ya kitanda na zamu ya dirisha, na upepo ukivuma inazunguka polepole, kila mtu anapata jua la asubuhi. Lori la mume wa fundi bado liko ng'ambo ya mto, pamoja na yule wa kusaini. Nyuma ya ofisi magunia yamepangwa mpaka kwenye ukuta. Nyasi zimeota katikati ya mahema. Paka amezaa.

Na kila saa kumi na moja jioni Njookesho hufunga dirisha lake, huvua tai, hupanda ngazi. Chumba chake kilichukuliwa na dhoruba usiku uleule, alikuwa analala juu ya meza ya ofisi, na jina lake lingekuwa la arobaini na mbili kwenye orodha, ila aliambiwa na mkubwa wake arudi kesho. Hukaa karibu na mama mkwe, wote wawili wanayatazama mabati yaking'aa kule chini.

"Hayajafika?" mama mkwe humuuliza.

"Bado, mama."

"Haya. Karibu uji."

Akishapokea bakuli, nyumba hushuka kidogo, kisha hutulia.