Kaza, Hesabu Tano, Achia

Kwa miaka ishirini na sita Lambert alikuwa mpiga baruti kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya Kakontwe, Likasi. Akiinua mkono, watu mia wanasimama. Akiushusha, mlima unaanguka. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo, Jumapili moja ya mwezi wa nne mwaka 1993, amesimama kanisani wakati wa Injili, akapiga chafya, na suruali yake ya kijivu ikalowa hadi magotini mbele ya kwaya nzima.

Hakungoja komunyo. Alitoka kwa mlango wa pembeni, mkewe Angèle nyuma yake, na walipofika nyumbani alipiga teke ndoo ya vitambaa ikaenda kugonga ukuta.

"Balinipasua sawa mbuzi, halafu banasema nimepona! Mwanaume gani anavaa vitambaa katikati ya miguu sawa mutoto muchanga?"

"Punguza sauti, papa Gauthier. Bajirani banasikia," Angèle alimsihi, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Basikie!"

Alikuwa amepasuliwa wiki saba kabla, kwa sababu tezi ya kibofu ilikuwa imevimba hata mkojo ukakataa kutoka. Wakaiondoa. Wakamwekea mpira wa kupitishia mkojo, wakautoa, na tangu siku hiyo mkojo uliokuwa unakataa kutoka ukakataa kubaki. Daktari alimwambia tu kwamba yatakwisha akifanya mazoezi, na mazoezi yalikuwa kazi ya mama mmoja wa hospitali, kiné Adrienne Kalombo, mwenye kuwafundisha wagonjwa kutumia tena viungo vyao. Adrienne alikuja mara moja kando ya kitanda chake, akamweleza kwamba chini ya kibofu kuna msuli unaoweza kufundishwa kama mkono au mguu. Akasema angemwonyesha vizuri Jumatatu.

Jumatatu hakuja. Adrienne alizaliwa Likasi, lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na msimu ule kuzaliwa Likasi hakukumsaidia mtu. Vijana walipita mitaani wakiwaita Wakasai wadudu, wakiwatoa majumbani. Watu kwa maelfu walilala kando ya stesheni wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Adrienne aliondoka na mama yake mzee katika behewa mojawapo. Na katika nyumba yao ya mlango wa buluu, huko mtaa wa Kikula, akaingia kulala Gauthier, mtoto wa kwanza wa Lambert, pamoja na mke wake.

Lambert alijua. Siku Gauthier alipomwambia, alisema "Eh," kisha akauliza kama bati halivuji. Basi.

Wiki moja baada ya aibu ya kanisani, Angèle alirudi kutoka sokoni na habari: Adrienne yuko Mwene-Ditu, huko Kasai, anafanya kazi katika zahanati ya masista, na masista wana foni, redio ile ya misheni ya kuitana kutoka mji hadi mji. Parokia yao pia inayo.

"Nitamwambia nini?" Lambert alifoka.

"Utamwambia unakojoa ovyo. Ni kazi yake."

Alikataa siku tatu. Alhamisi akaenda.

Foni ilikuwa katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, na mwenye kuiendesha aliitwa Bertin. Kando ya ukuta kulikuwa na benchi refu, limejaa watu waliongoja zamu yao ya kutafuta ndugu zao. Kila neno linalotoka katika kile chombo, benchi zima linalisikia. Ukimaliza kusema unasema "à vous", ili mwenzako naye apate zamu.

"Mwene-Ditu nasikia," sauti ya Adrienne ilikuja katikati ya mikwaruzo. "Ni nani? À vous."

"Minye Lambert. Kitanda ya nane. Bomba yangu... bomba yangu inavuja. À vous."

"Minye si fundi wa bomba. Sema mukojo, papa Lambert. À vous."

Mtu kwenye benchi alicheka kwa pua. Lambert alitaka kung'oa kile chombo na waya zake zote akitupe nje. Badala yake alijisikia anasema, kwa sauti ile ya Kakontwe, "Mukojo! Inatoka nikisimama. Inatoka nikikohoa. À vous!"

"Ni vizuri. Sasa sikia. Lala chali, kunja magoti. Kaza kule chini, sawa muntu anazuia hewa isitoke mbele ya bantu. Usikaze tumbo, usifunge pumzi. Hesabu tano, achia, pumzika mpaka kumi. Fanya mara kumi. Asubui, muchana, mangaribi. Na unywe maji. À vous."

"Maji? Tangu Pasaka ninakunywa kikombe moja tu kwa siku!"

"Ndiyo kosa yako. Kunywa. Andika kila kitambaa yenye kulowa, Alhamisi unisomee. À vous."

Basi kila Alhamisi Lambert alisoma vitambaa vyake mbele ya umma. Sita kwa siku. Saba. Sita. Nyumbani alilala juu ya mkeka akitukana kila tarakimu, moja hadi tano, jasho likimtoka usoni. Angèle alimwekea mkono tumboni. "Unakaza tumbo. Na unafunga pumzi." Lambert alimfukuza. Mkewe alipotoka, alijiwekea mkono mwenyewe, akakuta ni kweli.

Alhamisi ya tano alisoma saba tena, akampigia Adrienne kelele kwamba mazoezi yake ni ya kudanganya watu.

"Weye ulipiga baruti," Adrienne alijibu bila kupandisha sauti. "Mulima ukikataa kuanguka, unatukana baruti, ao unaangalia namna ulitoboa shimo? À vous."

Alirudi nyumbani akaanza upya, polepole. Alijifunza kukaza kabla ya kuinuka kitini, kabla ya kukohoa. Mwezi wa sita vilikuwa vinne. Mwezi wa saba, viwili.

Ndipo Alhamisi moja Adrienne hakuja kwenye foni. Sista mmoja alisema amekwenda kumzika mama yake. Mzee hakupata nguvu tena tangu safari ile ya behewa. Wiki iliyofuata Adrienne alikuwepo. Lambert alimpa pole.

"Aksanti. Vitambaa ngapi? À vous."

Alimsomea. Kisha akatoka, akaenda moja kwa moja Kikula kwa miguu, kifua kinawaka.

Gauthier alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, kiti ambacho mama yake Adrienne alikuwa akiotea jua.

"Toka mu hii nyumba," Lambert alisema.

"Papa?"

"Toka! Yule mama mwenye kiti amekufa. Kusanya bintu yako, toka!"

Gauthier hakuinuka. "Weye mwenyewe uliniuliza kama bati inavuja. Siku ile haukusema toka. Leo ndiyo umekuwa mutakatifu?"

Lambert alimrukia, akamshika kola, akamtikisa kwa mikono yote miwili. Alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Na katikati ya kelele, kwa kuwa hakukumbuka kukaza, mkojo ukatoka wote. Gauthier akaangalia chini. Mke wake, mlangoni, akafunika mdomo.

"Angalia," Lambert alisema. Hakujifunika. "Angalia muzuri. Ndiyo, ninakojoa. Na mwanamuke mwenye kunifundisha kuzuia, weye unalala mu kitanda yake!"

Gauthier hakutoka. Lambert akaingia ndani. Ukutani palikuwa bado na picha ya ndoa ya wazazi wa Adrienne na cheti chake cha shule ya kiné, vyote katika fremu. Akavitoa, akavikumbatia, akapita navyo katikati ya soko la Kikula, suruali imelowa, mchana kweupe, akimtazama machoni kila aliyemtazama.

Alhamisi alisema yote, benchi likisikiliza. "Ni mutoto wangu iko mu nyumba yako. Nilijua tangu mwanzo. À vous."

Bertin aliinamisha kichwa.

"Nilijua," Adrienne alisema. "Huku tuko wengi ba Likasi, habari zote tunazipata. Ulipoita mara ya kwanza, nilijua tayari. À vous."

"Sasa, juu ya nini ulinifundisha?"

"Juu minye ni kiné. Usitafute kintu ingine mule. Na usiniombe musamaha mu foni, sitaki bantu basikie nikikataa. Picha, uipe masista ba parokia, itanifikia. Nyumba, nitakuja kuichukua minye mwenyewe. Vitambaa ngapi? À vous."

"Tatu," alisema Lambert. "Juu ya hasira."

"Basi ujifunze kukaza na hasira ndani. À vous."

Alijifunza. Ilichukua hadi mwezi wa kumi. Alitembea uani akitaja kwa sauti majina ya wote aliowakasirikia, akiwemo yeye mwenyewe, na kila jina alikaza, akahesabu tano, akaachia. Wiki ya mwisho ya mwezi ule alisoma sufuri kwa siku zote saba.

"Basi, kazi imeisha," Adrienne alisema. "Endelea asubui na mangaribi. Usiite tena. Terminé."

Kwa neno hilo la kufunga, Bertin alizima chombo. Lambert alibaki ameshika kipaza sauti, suruali kavu. Mama mmoja wa benchi alimwambia hongera. Lambert alimwachia kiti, akatoka, akashika tena njia ya Kikula, kwenda kumtoa Gauthier katika nyumba ile.