Doa la Jiko Sebuleni

Mkeka ulipokunjwa sebule ifagiliwe, lile doa jeusi la mviringo likajitokeza palepale lilipokuwa tangu fundi saa yuko darasa la saba. Aliliinamia, akacheka peke yake, kisha machozi yakamlenga. Alimkumbuka mama yake jinsi alivyokuwa, mikono yake ilipokuwa ingali na nguvu.

Katika nyumba hii mikutano ilikuwa ya sebuleni, na mama alikuwa wa jikoni. Baba na baba mdogo walipokwisha kuamua, uamuzi ulimfikia mama pamoja na vyombo vichafu. Jioni ile waliamua kwamba binti aache shule amuuguze bibi aliyekuwa hajiwezi kitandani, kwani mama amezidiwa na kazi, na mtoto wa kike hata akisoma ataolewa tu. Binti huyo, ndiye fundi saa wa leo, alikuwa amejibanza mlangoni, roho juu. Mara mama akatoka jikoni amebeba jiko la mkaa, sufuria ya maharage ikitokota juu yake. Akalitua katikati ya sebule, akavuta kigoda, akaendelea kukoroga.

"Maharage hayataki kuachwa," alisema, "na mimi pia. Haya, endeleeni. Nani atamgeuza bibi kitandani?"

Baba mdogo alikohoa kwa moshi. Baba alitazama sakafu yake nyekundu ikibabuka. Kabla maharage hayajaiva ilikubaliwa kwamba wao wawili watashika zamu za kumuuguza mama yao, na binti atabaki shule. Maharage yenyewe yalishika chini, lakini fundi saa hajala matamu kama yale mpaka leo.

Sasa mama ndiye wa kugeuzwa. Kiharusi kimemlaza chumba cha pili na kumwachia maneno machache, na kaka zake wawili fundi saa wamekuja kuzungumza nani atamtunza. Fundi saa alitandika mkeka, akaenda kuwapikia chai ya maziwa. Haijachemka, akamsikia kaka mkubwa, ambaye kwa kupenda vikao walimwita Mheshimiwa, akisema dada afunge kibanda chake cha saa ahamie hapa. Hana mume, na kumtunza mama si kazi ya kumshinda mwanamke. Yule mwingine akaitikia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Alisimama na mwiko mkononi, aibu imemjaa. Jikoni alikuwa amejipeleka mwenyewe, wala hakutumwa na mtu.

Akalishika jiko kwa matambara, akalibeba na sufuria yake, akausukuma mkeka kwa mguu na kulitua juu ya doa. Mheshimiwa akalikazia macho jiko. Siku ile ya maharage alikuwa mtoto, lakini usoni ilionekana amekumbuka.

"Chai itaivia hapa," alisema fundi saa. "Kibanda sifungi. Tupange zamu. Wewe kaka, siku zako zipi?"

Kisha kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya mama, nzito, ikilitafuta neno mpaka ikalipata.

"Koroga, mwanangu."