Binti Aliyetulia

Mara ya kwanza ilimkuta Ibtisam dukani kwa baba yake, mtaa wa Kanyenye, akimkatia mteja kitambaa. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma kushuka. Akajua anakufa. Baada ya dakika kumi hali ikapita, ikamwacha amelowa jasho, mkasi bado mkononi.

Mara ya tatu alipelekwa hospitali. Moyo ukapimwa, ukaonekana mzima. Muuguzi Advera akamkalisha kando.

"Hufi, mdogo wangu, wala huigizi. Ni hofu inayokuvamia, na ina tiba. Ila ukiona umeanza kukwepa mahali kwa kuogopa isirudi, usingoje. Njoo Alhamisi, kuna daktari wa mambo haya."

Wakati huo duka alishaliacha. Wiki ile akaacha na soko, akaacha harusi ya binamu yake. Nyumbani hawakuona ugonjwa, waliona adabu. Katika ukoo wao binti akikaribia kuposwa huketi ndani, na Ibtisam aliketi kabla hajaambiwa.

"Wenzako wanazurura na simu mpaka stesheni," alisema Shangazi Mwanne, akimsuka. "Wewe umetulia kama marehemu bibi yako. Kwa akina Soud wameshaulizia habari zako."

"Sijatulia, Shangazi. Naogopa."

"Nani haogopi kuolewa? Mimi nililia mpaka kope zikavimba, kumbe bwana mwenyewe ananifika begani."

Ibtisam akacheka, maana shangazi alitaka sana acheke.

Alhamisi akavaa baibui, akatia kadi ya hospitali mkobani. Bajaji ilikuwa nje, hatua saba kutoka barazani. Kwenye hatua ya pili moyo ukaanza. Alijua si kifo, Advera alishamwambia. Alijua, na kujua hakukumsogeza hata hatua moja.

"Dada, tunaenda?" aliuliza dereva.

Akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Shangazi alimkuta ameketi kitandani, baibui mwilini.

"Ulikuwa unatoka?"

"Nimeghairi."

"Ndiyo maana nakupenda, mwanangu."

Akamvua baibui taratibu, kama anayemvua mtoto aliyesinzia, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kabati, mahali ambapo Ibtisam hafiki bila kupanda kiti.

"Hutaihitaji karibuni," alisema.