Rangi ya Mwili

...lakini mwili wa nani, ndilo swali lililomkaa Fundi kooni tangu saa ya chai, na sasa kalamu iko mkononi, fomu iko mezani, nyuma ya pazia Mwalimu anajaribu mkono wake mpya, na yeye, aliyemaliza miaka kumi na tisa katika karakana hii ya viungo bandia, anashindwa kujaza mstari ambao amekuwa akiujaza huku anapiga soga, Rangi, nukta mbili, ya mwili, maana ndivyo kiwanda kinavyoiita kwenye katalogi yao, namba moja, rangi ya mwili, na mkono wenyewe umekuja mweupe unaoelekea uwaridi, kucha nzuri, mikunjo ya vidole ipo, mpaka mishipa wameichora, ya buluu, kazi safi mtu asikudanganye, ila Mwalimu ni mweusi tii kama Fundi mwenyewe, na hakuna aliyeshtuka, wiki iliyopita Fundi alifungua boksi, akaugeuza huku na huku, akasema umefika salama... umefika salama! Na Mwalimu alipoutazama akauliza, kwa upole tu, hivi ndivyo ulivyo?, akajibiwa, ndiyo Mwalimu, hiyo ndiyo ya kawaida, na aliyejibu ni nani kama si yeye, tena kwa kutabasamu. "Mama Fundi, sahihi yako tu," anasema mtunza stoo pale mlangoni, "nifunge faili kabla ya saa sita, leo nina wageni wa..." wa nini sijui, nakuja baba, nakuja, subiri kidogo, kosa si langu, kosa ni la kile kitabu, au tuseme ukweli, kosa ni la binti yangu aliyekiacha juu ya friji makusudi, mama kisome halafu tubishane, mtoto anapenda ubishi huyo, sijui kamrithi nani, na Fundi akakianza kwa shari, kurasa mbili kila saa ya chai, akiwa na hakika kwamba ubaguzi wa rangi anaujua vizuri, hana haja ya kufundishwa na mtu aliye kwenye karatasi, ubaguzi ni yule daktari mgeni aliyenyooshewa mkono akatoa vidole viwili, ubaguzi una sura, una mdomo, ukikutukana unaujibu mnamalizana, sasa hiki kitabu kila ukurasa mfumo, mfumo, mfumo, akamuuliza bintiye, huyo Mfumo anakaa mtaa gani nikamwamkie, na binti akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini leo, ukurasa wa tisini na kitu, kimemwambia jambo bila kupaza sauti, kwamba mara nyingi hakuna mbaya wa kumshika shati, kuna watu wema tu wanaojaza fomu, na kuna neno kawaida, hebu tazama nani anaitwa kawaida na nani anaitwa nyingine, naye akakifunga pu!, akasema upuuzi mtupu, akaenda kabatini kuchukua katalogi ili akikomeshe, katalogi ambayo maisha yake yote hajavuka ukurasa wake wa nne, akapekua mpaka wa mwisho, na pale chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, rangi nyingine, kwa maombi maalumu, ongeza miezi minne... nyingine... akamwita mtunza stoo, hizi zipo tangu lini, yule bwana akasema, "Zipo siku zote, Mama Fundi, ila zinachelewesha, halafu nani ameomba?" na kweli, nani ameomba, nani ataomba kitu asichojua kama kipo, na huyu bwana ndiye aliyewachangia damu wagonjwa wawili mwaka huu, si mtu mbaya, wala kiwanda hakijamtukana mtu, wala Fundi, wala... na baba mzazi? Hapana, baba asiingie hapa, kuna kazi, lakini baba ameshaingia, tangu akiwa hai hakuwa mtu wa kupiga hodi, yupo kwenye kiti chake cha barazani na mguu aliotengenezewa na Fundi kwa mikono yake miwili, mguu namba moja, rangi ya mwili, na mzee akiuita mgeni, kila asubuhi, jamani mgeni wangu ameamka?, mguu huu nimeazimwa, siku mwenyewe akija kuudai nitamkimbia kwa mmoja, nyumba nzima hoi kwa kicheko, Fundi ndiye wa kwanza, na jua kali hivyo mzee suruali ndefu, na soksi imevutwa mpaka gotini, na Fundi, mtaalamu mzima, akamkalisha akampa nasaha, baba, kukatwa mguu si aibu, usijifiche, mzee akaivuta soksi juu kidogo. Kumbe hakuwa akificha kukatwa. Miaka kumi na mmoja anaficha rangi, na hakusema, angesemaje, kazi ya mwanawe, mwanawe aliyemsomesha, angeanzia wapi kumwambia umenivisha mguu wa mtu mwingine, inauma, Mungu wangu, inauma, kitabu gani hiki cha kumfukulia mtu baba yake, afadhali asingekigusa, afadhali kingebaki juu ya friji na vumbi lake.

"Mama Fundi!" Nimesikia. Haya, tia sahihi basi, Jumatatu shule zinafunguliwa, Mwalimu alisema siku ya kwanza kabisa kwamba hataki makubwa, anataka ashike kitabu kwa mkono mmoja huku wa pili unaandika ubaoni, basi, na ukitia sahihi anaondoka leo ana mikono miwili, usipotia anarudi na shati lililobanwa kwa pini kwenye kiwiko, miezi minne, nani kakupa haki ya kumcheleweshea mtu mkono kwa sababu umesoma kurasa tisini, lakini nani alikupa haki ya kumwamulia ile siku ya kwanza, na sasa sauti inatoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake, "Fundi, ni sawa tu, usisumbuke, nitavaa glavu." Sawa tu. Mstari wa mwisho wa fomu unauliza kama mteja ameridhika, na Fundi ameandika ndiyo kwa kila sawa tu iliyotoka nyuma ya pazia lile, kabati zima limejaa walioridhika, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Huyu ataulizwa. Atauona ukurasa wa mwisho kwa macho yake, achague mwenyewe, wa leo, wa miezi minne, vyote, akitaka atukane pia, ana haki, na fomu ya maombi maalumu inataka kitu kimoja tu, eleza rangi, kwa kutazama mkono uliopo, rahisi, mkono wa kulia wa Mwalimu Fundi anaujua kuliko wake, ameupima mara tatu, urefu wa kila kidole, unene wa kifundo, cha pete kinakizidi cha shahada kwa milimita tatu, kuna kovu dogo chini ya gumba, na rangi yake... mgongo wa mkono, kiganja, pale kwenye viungo vya vidole, ni mweusi kiasi gani, unaelekea wapi... mtunza stoo anagonga mlango kwa ufunguo, pazia halijafunguliwa, kalamu iko palepale, na Fundi anatafuta kichwani rangi ya mkono alioushika mara tatu, na hakumbuki.